Bahari Niliyoipakata Hadi Silibwet

Wenzangu wa chumba cha walimu, pamoja na wewe Mama Chepng'eno wa saluni uliyenisumbua kuliko wote, naandika haya mara moja ili nisiulizwe tena kila nikishika kikombe cha chai. Mlikuja kumjulia hali mama yangu kule Silibwet, mkaiona ile picha ya bahari ukutani, mkaona pia alama ya kiganja iliyopita katikati ya maji. Mbele yake mlinyamaza kwa adabu. Gari lilipoanza kuondoka tu, maswali yakafumuka. Nani aliyeichafua? Mbona sijaitengeneza? Mwalimu wa sanaa gani huyo anayetundika kazi iliyoharibika? Basi kaeni niwaeleze. Habari za tiketi na za kuomba ruhusa nitaziruka, maana mnazijua na hazina utamu wowote.

Silibwet, kipande kisichopandwa chai

Wengi wenu mlimjua kaka yangu Kipkoech. Alijifunza injini katika kiwanda cha chai, akachoka na baridi yetu, akateremka pwani na kupata kazi ya kutunza injini ya boti ya mizigo kule Msambweni. Siku moja ya upepo mkali boti ile ilipinduka nje ya mwamba. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana, hata shati lake halikuonekana. Mchungaji alikuja nyumbani, tukaomba, tukaimba, watu wakala, wakaenda zao. Kaburi hatukuchimba, kwa sababu hatukuwa na wa kumweka ndani.

Mnajua jinsi mwenye shamba dogo la chai alivyo. Haachi hata nafasi ya kuku kujikunia. Chai ya mama inaanzia mlangoni inashuka hadi mtoni, na bado analalamika kwamba nyumba inachukua nafasi. Lakini kando ya kaburi la baba aliacha kipande kitupu, urefu wa mtu aliyelala. Hakupanda chai, hakupanda mboga, hakuruhusu hata nyasi. Alikuwa akipalilia mwenyewe kila magugu yalipochomoza. Nikienda nyumbani nilikuwa napita haraka, sikuweza kuangalia upande ule.

Tulijaribu kumletea picha za bahari. Binamu mmoja alileta kadi kutoka Mombasa, maji ya buluu ya kung'aa, watalii wamejilaza mchangani nusu uchi. Mama aliitazama kidogo, akaiweka chini ya sufuria iliyotoka motoni ili meza isiungue. Akasema pale ni mahali pa watu wa kucheza, mtoto wake hawezi kuwa amelala pale. Nikamwambia nitatafuta mtu mwenye kamera aende apige picha mahali penyewe. Ndipo aliponiambia kwa Kikipsigis maneno ambayo nawatafsiria kama yalivyo.

"Kamera inaangalia mara moja, inaondoka. Hakuna mtu wa nyumba hii amewahi kukaa na yeye. Wewe ukichora kitu unakiangalia mpaka jioni. Nenda ukae na yeye, halafu uniletee rangi ya mahali alipo."

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa tisini na tano. Nilikubali kabla sijafikiri.

Sanduku langu la chaki za rangi mnalijua, lile nililoachiwa na mwalimu wa kujitolea aliporudi kwao. Wengi wenu hudhani ni kama chaki za ubao. Sivyo. Hizi ni laini mno, unazipaka kwenye karatasi ngumu na kuzisambaza kwa kidole, na rangi inabaki pale juu kama unga uliopepetwa. Ukiigusa, inakufuata. Miaka yote nilikuwa nachora mashamba ya chai, kwa hiyo rangi za kijani zilikuwa zimelika zikabaki vipande vidogo kama meno ya mtoto. Buluu zote zilikuwa nzima, hazijawahi kutoka sandukuni. Nikajipongeza kwamba sasa buluu zitapata kazi. Nilivyokuwa mjinga mtaona wenyewe.

Mama alinifungia vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kibuyu cha mursik cha kunywa njiani. Cha pili, vijiti vya mti wa senetwet vilivyochomwa vikawa mkaa, amevifunga kwa gazeti, nimpelekee mke wa Rono, mtu wa kwetu anayeishi Changamwe. Ninyi mliotoka Kisii na Vihiga mmeinywa mursik nyumbani kwangu mkakunja uso, lakini hamjawahi kuuliza inavyotengenezwa. Kibuyu kinasuguliwa kwa ndani na kijiti cha mkaa huo, kuta zake zinakuwa nyeusi, halafu maziwa yanamiminwa na kuachwa yagande. Yanatoka na rangi ya kijivu yenye ubuluu ndani yake. Mke wa Rono alikuwa amelia kwa simu kwamba pwani yote hakuna senetwet.

Kericho hadi Fort Ternan

Mama alishikilia nipande treni, tena nipandie Fort Ternan, kwa sababu ndiko Kipkoech alikopandia. Angeniambia nitembee kwa miguu ningetembea. Kutoka Kericho nilipata nafasi kwenye pikapu ya maziwa, nimekaa mbele na dereva, sanduku magotini. Saa ya mvua ilipofika mvua ilifika, kama ilivyo desturi ya Kericho, na dirisha la upande wangu halikuwa na kioo. Tulipoanza kuteremka, chai ikabaki nyuma yetu, joto likapanda, mwishowe tukaanza kuona miwa. Ni safari fupi, lakini mtu anaanza na sweta na kumaliza anajipepea.

Stesheni tuliambiwa treni imechelewa, na mkuu wa stesheni alisema hivyo kwa utulivu wa mtu asiyetarajia iwahi. Nikafungua sanduku nione kama maji yameingia. Nikazipanga chaki kwenye leso juu ya benchi zipate hewa, waridi, njano, zambarau, zote. Hapo nikakosea. Mama mmoja muuza ndizi, Kwamboka, aliyeniambia ametoka Nyamira na kuolewa hukohuko Fort Ternan, alisogea na kuniuliza peremende hizo nauza namna gani. Kabla sijajibu, mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu alishachukua ya waridi na kuitia mdomoni. Alitafuna. Alitutazama. Mate yalivyotoka yalikuwa ya waridi, na ndevu zake nyeupe zikawa za waridi vilevile, na watu wakacheka mpaka mkuu wa stesheni akatoka ofisini. Mzee mwenyewe alisema amewahi kula peremende mbaya kuliko hiyo.

Kwamboka alitaka kujua nakwenda kuchora nini huko mbali. Nikamweleza. Kicheko kilimtoka usoni.

"Sasa mama yako hata hana mahali pa kuweka maua," alisema.

"Hana."

Baadaye alinipa mkungu mdogo wa ndizi mbivu, na nilipofungua pochi alinisukuma mkono akasema nikirudi nipitie hapohapo, anataka kuiona hiyo bahari na yeye. Nikamwahidi. Treni ilikuja mwangaza ukiwa umebaki kidogo sana.

Reli ya Mombasa

Nairobi naipita, kama nilivyoipita. Nilibadilisha treni, nikanunua mkate na sabuni, basi.

Nawaambia kuhusu asubuhi iliyofuata. Nilifungua macho nikakuta nchi yote ni nyekundu. Udongo wetu tunauita mwekundu, lakini wetu unajificha chini ya chai, unauona tu barabarani na makaburini. Ule ulikuwa wazi kuanzia reli hadi mwisho wa macho, na juu yake vichaka vya kijivu visivyo na jani, na jua lilipopanda ukabadilika ukawa rangi ya chungwa. Nilishika mdomo. Nikawa natamani kuamsha watu.

Sikuhitaji kuwaamsha, kwa sababu treni ilisimama ikakataa kuondoka. Injini imeharibika, tukaambiwa, nyingine inatoka Voi. Watu walishuka wakakaa kwenye kivuli cha mabehewa na vyakula vikaanza kutoka mifukoni. Nami nikatoa kibuyu. Baba mmoja wa Malindi aliyekaa jirani yangu, mtu mpole sana, aliniona nikimimina akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili nisiaibike mbele za watu.

"Dada, maziwa yako yameingia jivu. Yamwage, nitakupa chai yangu."

Nikamwambia ndivyo yalivyo, hatunywi mengine. Aliniangalia kwa huruma ya kweli. Lakini harufu ya mursik inasafiri. Haikupita muda, polisi mmoja alishuka kutoka behewa la mwisho, mtu wa Nandi, akaja moja kwa moja akifuata pua yake, kofia mkononi. Hata salamu hakumaliza vizuri. Alikunywa kikombe, akafumba macho, akasema amekaa pwani tangu ahamishwe na leo ndiyo mara ya kwanza amefika nyumbani. Baba wa Malindi alipoona hivyo akaomba kidogo aonje. Alikunywa tone, akashukuru, na akarudi kwenye chai yake. Injini ilifika jua likiwa limeanza kushuka, kibuyu changu kikiwa tupu.

Changamwe

Mke wa Rono alifungua gazeti mlangoni, kabla hajanikaribisha. Alivinusa vile vijiti, akakaa chini kwenye kizingiti na kulia, mimi nimesimama na mzigo wangu. Halafu akajifuta, akanivuta ndani na kunilaza. Kesho yake alikisugua kibuyu changu vizuri, akakijaza maziwa, akanirudishia na kijiti kimoja cha mkaa. Alisema siwezi kukaa Msambweni siku zote hizo nikila samaki tupu, na kijiti nitakihitaji kusugua kibuyu nikitaka kurudia. Rono alinisindikiza hadi ng'ambo ya feri, akaniagizia gari, akarudi kazini.

Msambweni

Sasa niulizeni jinsi nilivyoiona bahari kwa mara ya kwanza.

Nilipita kati ya minazi, nikatokea, na nikasimama. Sikujua kwamba itakuwa kubwa vile. Mtu anaambiwa, anaona kwenye ramani, anafundisha darasani kwamba dunia sehemu kubwa ni maji, lakini haamini mpaka asimame mbele yake na kukosa mahali pa kumaliza macho. Sisi tumezoea kilima kinachofuatwa na kilima. Pale hapakuwa na kitu cha kuzuia. Nikakaa mchangani na nguo zangu za safari, nikamtaja Mungu kwa sauti.

Na haikuwa buluu. Hilo ndilo lililonishinda. Karibu na miguu yangu, mahali penye mwani, maji yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Mbele kidogo, juu ya mchanga mweupe, yalikuwa kijani, kijani kabisa cha yale majani mawili na kichipukizi tunachochuma asubuhi kabla ya jua. Halafu kijani kingine kizito zaidi. Halafu mstari mweupe mrefu, mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba. Na nyuma ya mstari huo kulikuwa na rangi ambayo sikuwa na jina lake katika lugha yoyote ninayoijua. Nimekaa nikiitazama, wingu likapita, na bahari yote ikabadilika, kila kipande kikachukua rangi ya jirani yake. Nilikuwa nimebeba buluu nzima nzima na vibaki vya kijani, na bahari ilikuwa inataka kijani. Nilicheka peke yangu.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Bi Mwanasha, na kila asubuhi nikaenda kukaa na karatasi zangu magotini. Nikaona kitu cha ajabu. Nikikaa, watu wanaondoka. Wanawake waliokuwa wakiokota mwani walihama. Niliuliza boti iliyozama ilizamia upande gani, na kila mmoja alisema hajui, hata waliokuwa na umri wa kujua. Nikiwasalimu waliitikia kwa adabu na kuangalia pembeni. Nikaanza kuwakasirikia moyoni. Nikasema hawa watu walimla kaka yangu na sasa hawataki hata kuniambia alipo.

Siku ya tatu au ya nne wazee waliingia uani kwa Bi Mwanasha, wakaketi kwenye mkeka, nikaitwa. Mmoja wao alikuwa Salimu, nahodha wa ile boti, ila sikumjua bado. Ndiye aliyesema.

"Mwanangu, tuambie kweli. Kiwanja hiki unakipimia nani?"

Sikuelewa. Akaonyesha karatasi zangu. Akasema wametangulia kuja watu wa bara, wamevaa vizuri, wana karatasi, wanakaa wanaangalia ufuo, wanaandika, wanasalimia. Baada ya miezi inakuja seng'enge, na makaburi ya babu zao yanabaki ndani ya seng'enge.

"Nyie mkija na karatasi, sisi huondoshwa," alisema. "Sasa sema, ufuo huu amepewa nani?"

Nikaenda ndani nikaleta picha zote na kuzitandaza mkekani. Walikuwa wakitafuta mistari ya viwanja, wakaona maji. Nikawaambia mimi ni dada yake Kipkoech, mekanika, na kwamba mama amenituma nikae naye kwa sababu hatukumzika.

Salimu alivua kofia yake akaiweka gotini. Akasema Koechi, ndivyo walivyomwita, alikuwa ndani ya boti mpaka mwisho akijaribu kuiwasha ile injini, na kwamba angeiacha mapema angekuwa hai. Alisema hayo akiangalia mkeka. Bi Mwanasha, ambaye siku zote alinipa chakula na kuondoka, alikaa karibu yangu akanishika mkono, na hakuuachia hadi wazee walipomaliza dua.

Tangu hapo sikula tena peke yangu. Wali wa nazi ulitoka nyumba moja, samaki nyumba nyingine, na wanawake wa mwani walirudi na kuniinamia mabegani waone nimefika wapi. Salimu alikuja akasimama nami ufuoni, akanyoosha mkono. Ni pale, alisema, nje ya mstari mweupe, mahali maji yanapogeuka yakawa mazito. Ilikuwa palepale kwenye ile rangi isiyo na jina.

Nikachora, nikashindwa. Buluu nyepesi ilitoka kama kadi ya binamu. Buluu nzito ilitoka kama sare ya shule. Nikichanganya na nyeusi, maji yanakufa, na sikuja kumletea mama maji yaliyokufa. Nilichana karatasi nyingi. Kijani cha mbele kilikubali, vile vipande vidogo vilifanya kazi hadi vikaisha vyote vidoleni mwangu, mwamba ulikubali, lakini nyuma ya mwamba palibaki peupe, na mahali pa mtoto wake ndipo hapo. Likizo ilikuwa inakwisha. Niliogopa kurudi na bahari yenye tundu.

Siku ya mwisho wingu la mvua lilisimama mbali, jua likiwa bado upande wetu. Nilikuwa na njaa. Nikafungua kibuyu, nikamimina mursik kwenye kikombe, nikainua kikombe kunywa, na juu ya ukingo wake nikaona bahari. Nikakishusha. Nikakiinua tena. Ilikuwa rangi ileile. Kijivu kilichobeba buluu ndani yake, tulivu, chenye kina, kisichong'aa. Ile rangi niliyodhani sina jina lake nilikuwa naijua tangu kunyonya, nimeinywa kila siku ya maisha yangu katika nyumba ya mama.

Nilitoa kile kijiti cha senetwet mfukoni nikakipitisha kwenye karatasi, polepole, halafu buluu juu yake, halafu kidole. Nikarudia. Maji yakaingia kwenye picha. Wanawake nyuma yangu walikuwa wakipiga soga, wakaacha. Mmoja alisema taratibu kwamba ni penyewe. Nililia nikiendelea kuchora, nikigeuza uso ili machozi yasidondokee kazi, na nilikaa na kaka yangu pale hadi jua lilipokwisha.

Kurudi, na bahari magotini

Mama Chepng'eno, sasa nafika kwako. Uliniambia kwamba dawa ya kupulizia nywele inashika chaki isipukutike. Nilipopita Changamwe nikirudi, mke wa Rono alikuwa na kopo lake, nami kwa bahati nikajaribu kwanza kwenye picha ya ziada. Kweli ilishika. Lakini rangi zote zilizama, povu la mwamba likapotea, bahari ikawa imelowa na kununa. Dawa yako ibaki kwa nywele. Picha ya mama nikaamua itasafiri hivyohivyo, unga mtupu juu ya karatasi.

Salimu alikuwa amemwambia seremala wa kijiji anitengenezee sanduku bapa la plaiwudi, lenye kifuniko kisichogusa uso wa picha. Nililipakata Mombasa hadi Nairobi na Nairobi hadi Fort Ternan, bila kuliinamisha. Behewani waliniuliza kama nimebeba keki ya harusi. Mmoja alidhani ni nyoka, akahama kiti, na mimi nikamwacha adhani hivyo kwa sababu nilipata nafasi ya kunyoosha miguu.

Fort Ternan Kwamboka alikuwepo na ndizi zake. Nilifungua kifuniko kidogo. Alisimama amejifunga mikono kifuani, akauliza maji yote hayo yanaishia wapi. Nikamwambia sijui, nilitafuta mwisho nikaukosa. Akatikisa kichwa, akasema nifunge upesi, vumbi.

Kericho mvua ilikuwa inatungojea. Nilifunga sanduku kwa nailoni ya kitalu cha chai niliyoiomba dukani, nikavua koti nikalifunika juu, na nikafika Silibwet nimelowa mimi tu.

Silibwet tena

Mama alikuwa ametoka kupeleka majani ya chai kituo cha kupimia, kikapu bado mgongoni. Mvua ilikuwa imekatika na mwangaza ulikuwa mzuri, kwa hiyo nilitoa meza nje, nikaweka sanduku, nikafungua. Nikamwonya asiguse. Nilimwambia mara mbili, kama ninavyowaambia watoto darasani, kwamba rangi hii haijashikwa, ukiigusa inatoka.

Aliangalia kwa muda mrefu sana. Alianzia mbele, kwenye kijani, akasema hii ni kama chai. Nikasema ndiyo. Akaenda taratibu hadi kwenye mwamba, akapita. Akainama karibu, pua karibu iguse karatasi.

"Hii ni senetwet," alisema.

"Ndiyo, mama. Ni ile uliyonipa."

"Na ndipo alipo?"

"Ndipo. Nimekaa naye."

Akatua kikapu. Akafuta kiganja chake kwenye leso, taratibu, pande zote mbili, nami nikaelewa anachotaka kufanya. Nilinyoosha mkono kumzuia, nikaurudisha. Aliweka kiganja chote juu ya yale maji mazito, akakikandamiza, na kukivuta kuelekea kwake, kama anavyomvuta mtoto aliyelala mbali kitandani. Alipoinua mkono, bahari ilikuwa imemjaa kiganjani, kijivu na buluu, hadi kwenye mistari ya ndani.

Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kando ya kaburi la baba, akapiga magoti kwenye kile kipande kitupu, udongo ukiwa na maji ya mvua, akachimba kwa mkono wa kushoto. Akauingiza ule wa kulia ndani, akausugua kwenye udongo hadi rangi yote ikatoka. Halafu akafukia na kupapasa juu.

"Koech," alisema, "umefika nyumbani."

Kisha akageuka, akaniambia na mimi niweke udongo. Nikapiga magoti, nikaweka. Alianza wimbo wa kanisani, ule wa mazishi, tukauimba wawili wetu, na jirani aliyekuwa akichuma ng'ambo ya ua alisikia, akasimamisha mikono na kuuitikia bila kuuliza.

Basi mmejua. Mnaniambia niitengeneze ile picha, na kweli buluu ninazo za kutosha, hazijaisha hata nusu. Senetwet imejaa kwenye ua wa mama. Lakini rangi iliyotoka pale haikupotea, ninajua ilipo. Imelala kando ya baba.